Somo: Zijue taka zako kabla hujazitupa

Ukimuuliza mtu taka zipi zinaharibu mazingira, atakutajia plastiki. Ni kweli, lakini maganda na mabaki ya chakula nayo yana madhara yake, hasa yakichanganywa na taka nyingine. Somo hili ni la siku 7, na mikono itachafuka.

Hatua ya 1. Tenga ndoo tatu: ya vinavyooza, ya vikavu (karatasi, makopo, chupa, plastiki), na ndogo yenye kifuniko ya vitu vya sumu kama betri na dawa zilizoisha muda.

Hatua ya 2. Kila jioni pima uzito wa kila ndoo, uandike. Mara nyingi ya vinavyooza ndiyo huzidi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Tia maganda kwenye mfuko wa plastiki, funga kabisa, acha siku tatu. Ufungulie nje. Utaona maji meusi yametuama chini, na harufu itakurudisha nyuma. Hewa ilikwisha, wakabaki bakteria wasioihitaji. Dampo ni mfuko huohuo, ila mkubwa. Taka zikishindiliwa, bakteria hao hutoa methani, gesi inayonasa joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Nayo yale maji yana asidi. Yakipita kwenye betri zilizopasuka huzoa metali zenye sumu, risasi na kadmiamu, yakazama hadi maji ya ardhini. Betri peke yake isingefika huko upesi hivyo.

Hatua ya 4. Vinavyooza vifanye mboji: tabaka la vibichi, juu yake tabaka nene la majani makavu, geuza kila wiki. Lundo likikubali, katikati hufika nyuzi joto 55 hadi 65. Chomeka kijiti, kichomoe baada ya muda, ukishike: kina moto.

Hatua ya 5. Vikavu visuuze, vikauke, viende kwa wanaorejeleza.

MASWALI

Mwalimu, kwa nini nisizichome zote zikaisha?
Haziishi, ndugu yangu, zinahamia hewani. Plastiki ya PVC, ile ya mabomba na maganda ya nyaya, ikichomwa kwenye moto wa wazi hutoa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Nakuomba sana, acha kabisa.

Mboji yangu inanuka, nimekosea wapi?
Imelowa kupita kiasi, hewa haipiti. Igeuze leo, ongeza majani makavu mengi.

Mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza niitie humo?
Mimi siitii. Mingi huhitaji joto la mitambo maalumu. Kwenye lundo la nyumbani utaikuta vipandevipande.

Na ndoo ya betri ikijaa?
Usingoje ijae. Ziba ncha kwa utepe, kwani za lithiamu zikigusana zinaweza kuwaka, kisha uzipeleke wanakopokea taka hatarishi.