Kumtoa Kijana Gengeni Mpaka Awe Mpatanishi: Mwongozo kwa Vikundi vya Amani Mombasa

Vikundi vingi vya amani Kisauni, Likoni na Majengo huharibu kazi mahali pamoja. Kijana akishasema tu kwamba ameacha, wiki ya pili anavalishwa fulana yenye maandishi na kupigwa picha kando ya OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Picha ikifika maskani yake ya zamani, wenzake humwona mtu wa makarao, yaani wa polisi. Tangu siku hiyo hawezi kupatanisha mtu, na huenda hata kulala kwao hawezi. Kipaza sauti, yaani kuhutubia watu, ndicho kije mwisho.

Anza na kesi zake. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Magenge ya mwaka 2010, na chini yake kuwa mwanachama wa genge ni kosa lenyewe, hata kama hukushika panga. Akisimama barazani kueleza aliyoyafanya, anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Kabla hajafungua mdomo mbele ya watu, mketishe na wakili au ofisi ya haki za binadamu. Mashirika ya Muhuri na Haki Africa yako hapa Mombasa na yamezoea mambo ya vijana na polisi. Maswali ni matatu: ana kesi mahakamani? Kuna hati ya kumkamata? Aliwahi kupewa dhamana akaikimbia?

Ikibidi ajisalimishe, aende asubuhi, kati ya Jumatatu na Alhamisi, pamoja na wakili na mzazi. Katiba inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, hungoja siku ya kazi inayofuata. Anayeingia kituoni Ijumaa alasiri hulala seli mpaka Jumatatu. Mzazi asiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Akiwa chini ya miaka 18, mhusishe afisa wa watoto, maana kesi yake inafuata Sheria ya Watoto ya 2022, na miongoni mwa wanaotembea na mapanga Kisauni wamo wa umri huo.

Mapema pia aombe cheti cha tabia njema: anajaza kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, analipa, anachapisha fomu ya C24, kisha anapigwa alama za vidole. Kama aliwahi kuhukumiwa, itaonekana hapo. Ni afadhali mjue sasa kuliko kumwahidi kazi ya ulinzi ambayo hataipata.

Halafu tumbo. Genge lilimpa pesa ya leo, na ndiyo maana mafunzo ya miezi mitatu bila posho humrudisha kule kule. Mtafutieni kwanza kibarua kinacholipa jioni ile ile: kupakua mizigo soko la Kongowea, kuosha magari, kuendesha tuktuk ya mtu kwa hesabu ya siku. Ufundi wa umeme au uchomeleaji ufuate akishatulia. Angalieni na saa zenyewe. Kazi inayoisha saa tisa alasiri inamwacha mtupu kuanzia magharibi, na huo ndio wakati maskani hujaa, muguka unatafunwa na mipango inapangwa. Kibarua cha jioni, hata cha pesa kidogo, kinafaa zaidi. Kama tatizo ni heroini, kliniki ya methadone ya Kisauni itangulie yote haya. Mtu mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa hiyo, hasikii habari za amani.

Kuhusu waliojeruhiwa, msiwe na haraka. Asiende nyumbani kwa mtu kuomba msamaha bila taarifa, hata akiwa na nia safi. Mama aliyeuguza mwanawe akimwona mlangoni ataita majirani, na majirani watakuja na mawe. Mzee wa mtaa au imamu aende kwanza, peke yake, aulize kama familia inataka kumsikia. Wakikataa, mambo yaishie hapo. Wakikubali, wakutane mahali pa tatu. Na msiwaombe kamwe wafute kesi ili sulhu ipatikane. Kesi hiyo ni haki yao.

Kazi ya upatanishi yenyewe ianze kimya kimya. Huko Chicago, daktari wa magonjwa ya mlipuko Gary Slutkin alianzisha mwaka 2000, katika mtaa wa West Garfield Park, mpango wa kutumia watu waliowahi kuwa magengeni kuzuia visasi. Kilichoufanya ufanye kazi ni kwamba watu hao waliaminiwa na wale wenye silaha, tena hawakupeleka majina polisi. Sharti hilo la pili liandikwe na kikundi chenu, na chifu aambiwe wazi mapema ili asije akamgeuza kijana kachero wake.

Mtu akikatwa panga, hatari kubwa ni ule usiku wa kwanza, kabla marafiki hawajapoa. Watumeni wawili, kamwe si mmoja, na mmoja wao awe anajulikana upande ulioumizwa. Waende hospitali kwanza, kwa kuwa kikao cha kisasi mara nyingi huanzia pale nje ya wodi. Wamtafute aliyepandwa na hasira kuliko wote, wamtoe mbele ya hadhira yake. Mbele ya wenzake hawezi kurudi nyuma bila kuaibika. Wasimuulize nani alifanya. Wamuulize: "Ndugu yangu, umekula? Mama ameshaambiwa? Nani anabaki na mgonjwa usiku?" Maswali ya namna hiyo humpa shughuli, na saa zinasogea. Asubuhi ndipo mazungumzo ya upande wa pili yaanze.

Kuna mipaka isiyovukwa. Mpatanishi habebi ujumbe wa vitisho, hata akiambiwa "mwambie tu". Hapokei silaha mkononi: panga linaweza kuachwa msikitini au kwa mzee mbele ya mashahidi, lakini bunduki hata asiiguse, akikutwa nayo hakuna atakayeamini anaisalimisha. Akisikia mtu atauawa na ameshindwa kuzuia, anampigia mratibu wa kikundi. Mratibu ndiye anayemhamisha mlengwa na kuita msaada, ili jina la kijana lisionekane popote.

Mlipeni nauli na salio la simu kila wiki, naye atie sahihi. Mkimchelewesha, mwanasiasa atamlipa.

Hilo la wanasiasa si utani. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na wanaotafuta vijana wa kulinda mikutano na kuvuruga ya wenzao hutafuta walewale waliowahi kushika panga. Wekeni mkataba mapema: mpatanishi havai rangi za chama wala hasindikizi msafara, na akitaka siasa anajiuzulu kwanza. Kipaza sauti apewe baada ya kama miezi sita ya kazi hii, tena aanzie madrasa au shuleni ambako kamera hazipo. Asitaje majina, asieleze namna uhalifu ulivyofanywa, asitambe na makovu. Watoto wa miaka 13 husikia sehemu ya ushujaa tu, kwa hiyo muda mwingi azungumzie seli, ada ya wakili na wenzake waliozikwa.