Jinsi ya kuchora nasaba ya Reuss, ukoo ambao wanaume wote ni Heinrich

Tafuta karatasi ya manila, penseli na kifutio. Wino usubiri, maana watawala hawa wa Thuringia, Ujerumani, waliwaita watoto wao wote wa kiume Heinrich na kuwatofautisha kwa namba. Kila mvulana alipata namba yake, atawale asitawale, hata kama angekufa mchanga.

Kwa hiyo usiandike jina na namba peke yake. Mimi huandika hivi: "Heinrich XIV, Gera, 1832". Tawi na mwaka wa kuzaliwa ndivyo vinavyomtambulisha mtu. Mjini Gera alitawala Heinrich LXII, akamfuata mdogo wake Heinrich LXVII, kisha mwana wa huyo, Heinrich XIV, kisha mjukuu, Heinrich XXVII. Ukidhani namba inafuata kiti cha utawala, utakwama hapo hapo. Tawi Dogo, la Gera, lilianza kuhesabu upya kila karne. Tawi Kubwa, la Greiz, lilijiwekea kanuni ya kufika 100 kwanza.

Anzia mgawanyo wa 1564, uliozaa matawi matatu. Tawi la Kati lilikatika 1616, kwa hiyo lifungie mstari mapema ubaki na mawili.

Sasa wanawake. Wachoraji wengi huwaruka kwa kuwa hawakurithi kiti, nami nawasihi msifanye hivyo, kwa sababu bila wao huwezi kuona kwa nini nyumba ilikosa mrithi. Tazama Greiz. Heinrich XXII alipofariki 1902 aliacha mabinti watano na mwana mmoja tu, Heinrich XXIV, ambaye ajali ya utotoni ilimwacha hawezi kutawala. Dada zake walikuwa wazima: Caroline aliolewa na mtawala wa Weimar, na Hermine akaja kuolewa 1922 na Wilhelm II, Kaisari aliyekwisha kuvuliwa taji. Hakuna aliyeruhusiwa kukalia kiti cha baba yao. Wakakaimu Heinrich XIV wa Gera na baada yake mwanawe Heinrich XXVII, mpaka falme zote za Ujerumani zilipoanguka 1918. Ukaimu uchore kwa nukta nukta: mtawala halali alikuwa bado Heinrich XXIV, na Tawi Kubwa lilikatika alipokufa yeye, 1927.

Kuasili nako kuwe na rangi yake. Heinrich XLV wa Gera hakuoa wala hakupata mtoto. 1935 alimwasili Heinrich I wa Köstritz, chipukizi la Tawi Dogo. Mwaka 1945 Wasovieti walimkamata Heinrich XLV na hakuonekana tena. Ukuu wa ukoo haukumfuata mtoto wa kuasiliwa, ulifuata damu ya kiumeni hadi kwa Heinrich IV wa Köstritz, aliyezaliwa 1919. Ndiyo, baada ya XLV anakuja IV, kwa kuwa karne ya 20 ilianza hesabu yake.

Ili uwaunganishe hao wawili, XLV na IV, usitafute njia ya mkato katikati ya karatasi. Panda juu mpaka Heinrich I wa Schleiz, aliyefariki 1692, kisha ushuke kwa wanawe wawili: Heinrich XI upande wa Schleiz, ambako ndiko walikotoka watawala wa Gera wa mwisho, na Heinrich XXIV upande wa Köstritz. Huyu Heinrich XXIV alizaliwa 1681, si yule wa Greiz. Mwandikie mwaka wake kabla hujainua penseli.