Kuna mtu anamwaga taka usiku mtaani kwenu Kigoma? Fanya hivi

Mvua zikianza Kigoma ndo utajua nani anatupa wapi. Mji wetu umekaa kimteremko, mtu akiacha salfeti la taka kwenye korongo huko juu Mwanga basi mvua ikipiga kidogo tu linashuka, linapasukia kwenye mifereji ya watu, linaziba kalavati, na kinachobaki kinaishia ziwani, ziwa hilohilo tunalochotea maji ya bomba na kuvulia migebuka. Watu wengi wakiona hivo wanaanza kurushiana maneno na jirani, zinapigwa kelele siku tatu na taka ziko palepale. Sheria zipo jamani, shida yetu tunazikumbuka mgambo akishafika mlangoni.

Kwa kifupi ziko hivi. Juu kabisa kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 4 kinakupa haki ya kuishi kwenye mazingira safi na salama, cha 6 kinakupa wajibu wa kuyalinda na kutoa taarifa kwa mamlaka ukiona kitu kinayaharibu vibaya. Kwahiyo mtu akikwambia "we unajifanya afisa wa serikali" mwambie sheria imekutaja na wewe. Sheria hiyohiyo ndo inazipa halmashauri kazi ya kusimamia taka ngumu, na kuanzia manispaa mpaka kata na mtaa inatakiwa iwepo kamati ya mazingira. Chini yake manispaa ina sheria ndogo zake, hizo ndo zinaweka ada ya taka, nani azoe, na faini ni kiasi gani. Usikariri faini za Dar unazosoma mitandaoni ukadhani na za Kigoma Ujiji ni hizohizo, nenda ofisi ya kata uombe wakuonyeshe, ni nyaraka ya umma.

Kabla hujamshtaki mtu jiangalie kwako kwanza, maana ukimleta afisa afya mtaani ataanza na geti lako. Una chombo cha taka chenye mfuniko? Mfereji wa mbele ya nyumba au kibanda chako umezibuliwa? Ada ya taka umelipa, na risiti unayo? Wenye vibanda ndo wanakamatwa kirahisi zaidi, mtu anauza chipsi mpaka usiku wa manane, anafunga, anaacha maganda na mifupa chini eti asubuhi gari litapita.

Halafu kuna hili la vijana wa guta ambalo watu hawalijui. Umefanya ukarabati, una kifusi, anakuja kijana unampa hela kidogo abebe, unashukuru Mungu uwanja umekuwa safi. Kaenda kumwaga wapi? Mara nyingi ni korongo la karibu, maana kusukuma mzigo ule mpaka dampo kwa hela uliyompa haiwezekani na we unajua haiwezekani. Siku kifusi kikikutwa, na vipande vya vigae vyako vimo, na bahasha yenye jina lako imo, wewe ndo utaitwa ukajieleze. Kwahiyo muulize mtendaji kikundi gani kinaruhusiwa kuzoa taka kata yenu, mpe huyo, elewaneni kabisa anamwaga wapi. Kifusi kikiwa kingi kodi gari, uma meno ulipe.

Haya, sasa huyo anayemwaga usiku. Usimvizie na fimbo na usimfokee. Unachotaka ni ushahidi, na ushahidi mzuri ni wa kawaida tu: picha ya mchana inayoonyesha taka pamoja na kitu kinachotambulisha mahali, mfano nguzo ya umeme au ukuta wa msikiti, siyo picha ya karibu ya pampasi ambayo inaweza kuwa ya popote. Andika tarehe na saa. Kama ni gari au bajaji, namba yake. Ukichungulia kwenye mfuko mara nyingi utakuta risiti, kibandiko cha mzigo, daftari la mtoto, piga picha hapohapo ulipo usivihamishe. Tafuta na jirani mmoja aliyeona akubali kutajwa, maana malalamiko ya mtu mmoja wanayachukulia kama ugomvi wa majirani. Na picha za watu usizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp, ukikosea mtu kesi itakugeukia wewe.

Taarifa inaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Piga simu ndio, ila tuma na meseji ili ibaki maandishi. Iwe fupi, kitu kama hiki:

"Shikamoo mama mtendaji. Mimi ni mkazi wa mtaa wako, nyumba ya jirani na kisima. Jana saa tano usiku bajaji imemwaga viroba vinne vya taka kwenye mfereji nyuma ya shule, namba yake na picha nimekutumia. Mfereji umeziba na mvua inakuja. Tunaomba uje na afisa afya muone. Jirani yangu pia aliona, yuko tayari kueleza."

Hakuna tusi, hakuna siasa, na kuna kitu cha kufanya. Hilo neno la mvua usilitoe, linawakumbusha kipindupindu, na Kigoma tunakijua, 2015 kiliwashika maelfu wakati wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga.

Mkikaa wiki hakuna kitu, andika barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa afisa mazingira wa manispaa, peleka mwenyewe na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri ndo utakaokusaidia baadae, meseji wanaweza kusema hawakuiona. Kama ni jambo kubwa, mfano kiwanda kinatiririsha maji machafu au taka za hospitali zimetupwa wazi, NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, nao wapelekee nakala.

Kwa walioko Kibirizi, Katonga na kando ya ziwa kwa ujumla kuna nyongeza. Kifungu cha 57 cha sheria ileile kinazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo huo. Kwahiyo jalala la kudumu pale mwaloni halina utetezi hata kama lipo toka enzi za babu, na ukiandika barua kitaje hicho kifungu.

Rambo nazo, ile mifuko ya plastiki, tumeanza kuzisahau. Zilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 na zinarudi kimyakimya sokoni, unanunua dagaa unafungiwa. Ukikutwa unatumia au unayo faini ni kuanzia 30,000 mpaka 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote. Anayeuza ni 100,000 mpaka 500,000, au jela mpaka miezi mitatu, au vyote. Fikiria mama wa dagaa mtaji wake wote haufiki hapo. Beba kikapu chako.

Na ikitokea umekamatwa wewe, usikimbie na usigombane na mgambo. Muulize kwa heshima umevunja kifungu gani cha sheria ndogo ipi. Ukikubali kosa unaandikishwa na unalipa faini, ukikataa unapelekwa mahakamani ukajitetee, uamuzi ni wako. Hela usimpe mtu mkononi bila risiti. Faini ya halmashauri inalipwa kwa kontrol namba, benki au kwa simu, au unapewa risiti ya mashine palepale. Akikwambia mashine haina chaji au mtandao umekata, mjibu taratibu, sawa kiongozi, nasubiri.