Amu za juu za Chevelle: anza na spindo

Ukitafuta amu za juu za mbele zinazorekebishika (mikono inayounganisha gurudumu na fremu) kwa Chevelle, gari la Chevrolet, ya 1964 hadi 1972, usianze na rangi wala bei. Anza na spindo, kipande kinachobeba gurudumu kati ya amu ya juu na ya chini. Spindo ndefu inataka amu fupi; ukifunga yenye urefu wa kiwandani, gurudumu linalalia nje kwa juu na shimu (vibati vya kupangia kati ya amu na fremu) hazitoshi kulirudisha.

Halafu kasta, yaani mlalo wa spindo kwenda mbele au nyuma ukitazama gari kwa ubavu. Gari hizi zilipangwa wakati wa tairi za kabla ya radiali (tairi za kisasa), kwa hiyo kasta ya kiwandani iko karibu na sifuri. Kwa radiali na pawa stiringi, mimi napenda digrii 4 hadi 5: gari linashika njia na usukani unarudi wenyewe. Kwa amu za kawaida utarundika shimu kwenye bolti moja mpaka nati ibaki imeshika hesi chache tu, na hiyo ni hatari. Amu ya kurekebisha ndiyo inakuokoa, hasa kama fremu iliwahi kugongwa na pande mbili hazilingani.

Kagua hesi za amu yenyewe. Ukishapanga, urefu wa hesi zilizoingia ndani usipungue mara 1.5 ya unene wa bolti, na nati ya kufungia ikazwe kabisa.

Bushi za gari la kutembelea ziwe raba, au polyurethane yenye nipeli ya grisi. Jointi za chuma tupu waachie wa mashindano. Vumbi na maji huzila haraka.

Kabla ya kufunga springi, pandisha na ushushe amu kwa jeki huku ukizungusha usukani mwisho hadi mwisho. Boljointi, kiungo cha amu na spindo, isigote popote.