Somo: Kuchagua hema la kuvulia linaloingia kwenye gari dogo la Toyota: Vitz, IST au Passo

Swali la "nichukue hema gani la kwenda nalo Mtera na kagari kangu" limejibiwa humu jukwaani mara nyingi mno, kila mara nusunusu. Leo naliweka lote sehemu moja. Atakayeuliza tena nitamtajia namba ya hatua.

Somo hili linawahusu wanaovua kwa ndoano kutoka ukingoni mwa mabwawa ya Mtera au Hombolo, wanaohitaji kivuli mchana na pa kulala usiku.

Hatua ya 1: Idadi ya watu. Hema lililoandikwa "watu 4" ni la watu 4 waliolala wamebanana bila hata begi. Kwa wavuvi wenye viti, ndoo na madumu, gawa kwa 2.

Hatua ya 2: Aina. La fito za faiba za kuunganisha mfuko wake ni sentimita 50 hadi 65 na linaingia gari lolote, ila ndani unainama. La kujifungua lenyewe linakunjwa duara bapa, unalisimamisha nyuma ya siti ya mbele. Jepesi, na upepo unalionea. La kitovu, lile ambalo kila ukuta una kitovu cha fito unachokivuta kwa nje, lina kuta wima na unasimama ndani bila shida, lakini mfuko wake ni sentimita 120 hadi 150. Gazebo ya chuma ya mita 3 kwa 3 waachie wenye pikapu.

Hatua ya 3: Pima gari kabla ya kuuliza bei. Hapa ndipo pesa za watu zinapotea, kwa hiyo soma taratibu. Mnunuzi anaangalia ukubwa wa hema likiwa limesimama, anasahau kwamba safari nzima litakuwa limekunjwa. Kipimo cha kwanza ni urefu wa mfuko. Vitz, Passo na IST ya toleo la kwanza hazifiki mita 1.7 kwa upana wa nje; IST ya toleo la pili inazidi kidogo tu. Ukitoa unene wa milango, kisha matao ya matairi yanayoingia ndani ya buti, unabaki na nafasi ndogo kuliko unavyodhani.

Chukua futi kamba, pima vitu vitatu: upana wa buti kati ya matao ya matairi, upana wa mdomo wa buti pale mlango unapofungia (mara nyingi ni mwembamba kuliko ndani), na urefu kutoka mlango wa nyuma hadi mgongo wa siti ya dereva baada ya kulaza siti ya nyuma upande mmoja. Pima dereva akiwa amekaa, siti yake ipo anapoendeshea. Kisha kata ufito wenye urefu wa mfuko wa hema unalolitaka, uuingize garini pamoja na ndoo, viti na abiria wako wote. Ufito ukikataa, hema litakataa.

Tahadhari. Urefu wa mfuko unaamuliwa na fito, hauwezi kuupunguza kwa kukunja vizuri. Unene ndio unaobadilika: kiwandani hema limeshindiliwa, wewe ukilikunja ukingoni lina hewa na unyevu, kwa hiyo acha nafasi ya ziada ya sentimita 10 kwa unene. Usilipitishe katikati ya siti za mbele likakaribia gia au breki ya mkono. Usiliache juu ya mizigo likiwa limeelekea kisogo cha dereva; ukifunga breki ghafla, fito zinakuja mbele. Na keria ya juu si jibu la haraka: gari lisilo na keria halisi lisifungiwe hema kwa kamba iliyopita madirishani.

Hatua ya 4: Kitambaa. Poliesta hustahimili jua letu kuliko nailoni. Rangi nyepesi. Madirisha pande mbili, yenye wavu.

Hatua ya 5: Vigingi na kamba. Vile vijiti vyembamba vinavyokuja na hema ni vya bustani. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa Dodoma haupumziki, na chamchela linang'oa hema tupu likalipeleka majini. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, nunua vipande vya nondo ya milimita 10, akukatie sentimita 40, anoe ncha moja na apinde nyingine kama ndoano. Vinane vinatosha hema la kitovu: vinne vya pembe, vinne vya kamba za vitovu. Pigilia vimelala kidogo, kichwa kikitazama mbali na hema. Kwenye kichanga cha ukingoni hata nondo inachomoka. Pale beba viroba vitupu vinne vya kilo 25, vijaze mchanga nusu, funga kamba humo. Kwenye udongo mweusi wa mbuga uliopasuka usipigilie ndani ya ufa, hautashika hata kidogo. Mlango uelekee magharibi au kaskazini-magharibi, maana upepo mwingi unatoka mashariki na kusini-mashariki.

Hatua ya 6: Lisimamishe na kulikunja nyumbani mara mbili, kwa mwanga, kabla ya safari.

Hatua ya 7: Mtera kuna viboko na mamba. Usipige hema kwenye njia iliyolazwa majani kuelekea majini, hiyo ni ya kiboko na usiku ataitumia.

MASWALI

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu, kwa kifupi, hema zuri ni lipi?
Jibu: Linaloingia kwenye gari lako. Hatua ya 3.

Mdau wa Kisasa: Nina Passo. Nimenunua la kitovu, mfuko sentimita 145, buti halifungi. Muuzaji aliniambia linaingia gari lolote. Mbona hapa mnasifia hema la kitovu?
Jibu: Sijalisifia, nimeandika urefu wa mfuko wake. Muuzaji hakupima gari lako na wewe hukulipima. Laza siti ya nyuma upande wa abiria, siti ya mbele ya upande huo isukume mbele hadi mwisho, hema lipite kwa urefu. Litaingia, ila mtasafiri wawili, na huyo wa pili atakaa nyuma ya dereva.

Mdau wa Manyoni: Mimi nina pikipiki tu.
Jibu: La fito za kuunganisha, mfuko usizidi sentimita 60. Lifunge kwa mpira juu ya keria, mbali na eksozi. Kitambaa kikigusa eksozi mara moja kimeyeyuka.

Mdau wa Kongwa: Kaka, shikamoo. Nimepata mtumba wa hema la kitovu, lakini kuta zake ni nene zimejazwa kama koti la baridi, halina sakafu, na chini lina sketi ya kitambaa kuzunguka. Ni la nini?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Hilo ni la kuvulia juu ya barafu. Minnesota, Kanada na Ufini ziwa likiganda, mvuvi anatoboa tundu kwa keekee kubwa, anasimamisha hema juu yake na kuvua akiwa ndani. Halina sakafu kwa sababu ya tundu. Unene unahifadhi joto. Sketi inafukiwa kwa theluji upepo usipite chini. Kwako: sketi ifukie kwa mchanga, inasaidia mno kwenye upepo. Mchana fungua madirisha yote, la sivyo utaiva. Usiku wa Juni na Julai utalifurahia. Tandika turubai na utundike chandarua, maana mbu watapita chini. Likiwa na vigingi vya skrubu, hivyo ni vya barafu, kwenye kichanga havishiki.

Mdau wa Kongwa: Ahsante. Na hiyo barafu inabeba watu kweli?
Jibu: Idara ya maliasili ya Minnesota inashauri barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa angalau inchi 4 kwa mtu anayetembea, na zaidi kwa gari. Wanatoboa na kupima njiani, maana haina unene mmoja ziwa zima.

Mdau wa Area C: Baridi ikizidi naweza kuingiza jiko la mkaa?
Jibu: Hapana. Moshi usioonekana wa mkaa unaua mtu usingizini. Hata hao wa barafu wenye jiko la gesi huacha matundu ya hewa wazi. Beba blanketi.

Mdau wa Ipagala: Zipu zetu zinakufa kwa vumbi. Kuna dawa?
Jibu: Mswaki mkavu kwanza kuondoa mchanga, kisha sugua mshumaa kwenye meno ya zipu pande zote mbili. Usipake mafuta, yanakusanya vumbi.

Mdau wa Ipagala: Na nondo zikirudi na tope?
Jibu: Zifute na uzibebe kwenye kiroba chao peke yao. Usizifungie ndani ya mfuko wa hema, ncha zitatoboa kitambaa kabla hujafika Mtera.