Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, pitia kwanza tawi la chama cha wafanyakazi

Wewe unayetaka kuacha kazi kisa bosi, subiri kidogo, hiyo barua haiozi. Chungulia kwanza slipu ya mshahara kama unakatwa hela ya chama cha wafanyakazi, maana kuna watu wanakatwa miaka na hawajui hata ni chama gani. Na usishangae ukikuta unakatwa bila kujiunga, sheria ya ajira ya 2004 hapa Tanzania inaruhusu chama chenye wanachama zaidi ya nusu kukubaliana na mwajiri kwamba hata wasio wanachama wachangie, ila isizidi ada ya mwanachama.

Kama hujajiunga mtafute kiongozi wa tawi (TUICO viwandani, CHODAWU mahotelini, walimu kwenu mnapajua), unajaza fomu ya TUF 6 ya kuruhusu makato, basi. Ukichoka unaandika notisi ya mwezi mmoja unatoka.

Ila usiwaulize wanachama kama wana raha, watakulalamikia mpaka chai ipoe. Mchumi wa Marekani Richard Freeman aliliona hili tangu miaka ya 1970, wanachama wananung'unika zaidi lakini kuacha kazi wanaacha kidogo. Mi naelewa kwa nini, mwenye pa kusemea anasema, asiye na pa kusemea ananyamaza halafu siku moja humwoni. Tuseme ukweli pia, mshahara wa kujadiliwa unamshika mtu hata akiwa na kinyongo, na chama mara nyingi kinaanzishwa palepale penye kero, sasa usikilaumu kwa joto la godauni.

Uliza hivi: mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri) upo? Nakala iko wapi? Unasemaje kuhusu ovataimu na usafiri wa shifti ya usiku? Mara ya mwisho mlikaa na menejimenti lini, na kero gani iliisha? Wakikujibu fulana za Mei Mosi tu, ushajua.

Wakijibu vizuri, andika malalamiko yako ukurasa mmoja, weka tarehe, baki na kopi, wape wiki mbili tatu. Ikishindikana na visa vya bosi vikakulazimisha uache kabisa, usikae nyumbani unahesabu dari, una siku 30 tu za kupeleka shauri CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi.