Jinsi ya kushuka Derinkuyu, mji uliochimbwa chini ya ardhi Uturuki

Watu wetu wengi wanaoenda Uturuki, wa mzigo na wa masomo, wakifika Kapadokia, lile eneo la katikati ya nchi, ni kupanda maputo ya hewa moto asubuhi, picha, basi safari imeisha. Mi naomba utenge nusu siku uende Derinkuyu, yaani huu ni mji umechimbwa kwenda chini kama mita 85, inakadiriwa ungeweza kuficha watu hadi 20,000 na mifugo yao na chakula chao, ila ukiingia kichwakichwa utatoka umeona mashimo tu.

Kufika sio kazi. Ndege ya ndani toka Istanbul hadi Nevşehir au Kayseri, au basi la usiku. Nevşehir mjini ulizia dolmuş, ndo daladala zao, Derinkuyu ni kama kilomita 30 kusini. Kama umelala Göreme, kamji ka watalii huko huko Kapadokia, unaanza na gari la Nevşehir halafu unaunganisha. Ziara za siku moja za kampuni za utalii zipo ila wanakupitisha mbio mbio, bora uende mwenyewe na uwahi geti likifunguliwa kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Kiingilio ulizia siku hiyo hiyo, bei zinabadilika sana.

Beba koti jepesi hata kama ni Julai na juu jua linachoma, kule chini ni kama nyuzi 13 mpaka 15 mwaka mzima. Viatu vishike vizuri, ngazi zimelika. Begi liwe dogo. Na hili nasisitiza jamani, kama una pumu, shida ya moyo, mgongo, au unapata hofu sehemu finyu, usijilazimishe, kuna njia unapita umeinama kabisa, mabega yanagusa kuta pande zote, na kundi likiwa linapanda hamuwezi kupishana, unasimama hapo hapo unasubiri.

Sasa ukishuka usikimbilie chini. Tafuta vitu vitatu: mlango, hewa na maji, hapo ndo utaielewa akili ya waliochimba.

Mlango ni jiwe la duara kama la kusagia nafaka, limesimama kwa ubavu kwenye mfuo wake pembeni ya njia, mengine yanafika kilo 500. Adui akija wanalivingirisha linaziba njia, na linafungwa kwa ndani tu. Chungulia lile tundu la katikati, aliye ndani angeweza kumuona anayekuja na hata kumchoma mkuki. Mi nilipiga magoti pale nikaangalia njia niliyotoka nayo, nikaona mtu mmoja mmoja tu ndo anaweza kuja, hata jeshi zima lingekuja kwa foleni.

Hewa inashuka kwenye shimo refu, lile kubwa lina kama mita 55. Simama chini yake uangalie juu, utahisi upepo usoni ukiwa ghorofa kibao chini ya ardhi. Na maji, kuna visima ambavyo mdomo wake haukufika juu kabisa, ili adui asiweze kumwaga sumu. Jina lenyewe Derinkuyu maana yake kisima kirefu.

Yote haya yaliwezekana sababu mwamba wa kule ni majivu ya volkano yaliyogandamana, laini kuchonga halafu unasimama imara. Humo kuna mazizi, stoo, sehemu za kukamulia zabibu, na chini kabisa kanisa lenye umbo la msalaba, maana Wakristo wa pale walijificha humu enzi za vita vya Waarabu na Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, na Wagiriki wa eneo hilo waliendelea kuutumia hadi walipohamishwa 1923, Uturuki na Ugiriki zilipobadilishana watu. Baada ya hapo ukasahaulika mpaka 1963, mwenyeji mmoja anakarabati nyumba yake anabomoa ukuta, anakuta chumba, nyuma yake njia. Wageni walianza kuruhusiwa 1969, na zilizo wazi ni kama ghorofa 8 tu.

Kurudi juu panda taratibu, pumzika kwenye vyumba vipana sio kwenye ngazi, wenzako wanataka kupita. Ukiwa na nguvu bado, njiani kurudi Nevşehir unapita Kaymaklı, mji mwingine wa chini, shuka pale, ila njia zake dari ni fupi zaidi, mgongo ukishalalamika iache mpaka kesho.